Mtaalamu wa Ukimya wa Wanawake

Mtaa mzima ulimwita Mwitaliano, ingawa Italia alikuwa hajaikanyaga hata kwa bahati mbaya. Alikuwa mrefu, mwembamba, na miwani yake ilishikizwa kwa waya upande mmoja. Alitembea ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha. Alikuwa anasomea uzamivu katika lugha na fasihi ya Kiitaliano. Majirani hawakujua vizuri uzamivu ni kitu gani, lakini walijua ni kitu cha muda mrefu, maana alipoanza, watoto wake pacha walikuwa bado tumboni, na sasa walikuwa wanajifunga kamba za viatu wenyewe na kuwajibu watu wazima.

Kwa kuwa hawakuwa na Mwitaliano mwingine, walimtumia huyo huyo. Kila kilichoandikwa kwa lugha ile kilipelekwa kwake: maboksi ya vigae, viatu vya mitumba, mashine ya kushonea, na siku moja pampu ya maji. Fundi bomba aliingia nayo begani, jasho linamchuruzika, akaitua mezani katikati ya vitabu.

"Mwitaliano, nisaidie. Karatasi yake hii hapa. Nataka kujua hili dude linaanza kufungwa wapi."

Mwitaliano akaisoma karatasi mbele na nyuma. Kiitaliano alichokimudu kilikuwa cha miaka mia saba iliyopita, tena cha washairi wa mapenzi. Alijua maneno ya kuugua kwa huba, ya kuzimia, ya kulia mpaka mto ukalowa. Valvu hakuwahi kuikuta katika shairi lolote.

"Inasema," alijibu mwishowe, "ishughulikiwe kwa upole."

"Basi?"

"Na isiachwe peke yake ikiwa kavu."

Fundi akamtazama yeye, akaitazama na pampu. "Kaka, hii ni pampu au mchumba?"

Akaibeba, akaenda kuifunga kwa kubahatisha, ikamrushia maji ya uso. Hilo halikumshushia Mwitaliano heshima hata chembe. Mtaani walisema Kiitaliano chake ni cha juu mno, hakishuki mpaka kwenye mabomba.

Jinsi alivyofika kwenye lugha hiyo ni hadithi isiyo na mapenzi yoyote ndani yake. Alipoingia chuo kikuu alitaka sheria. Sheria ilikuwa imejaa. Akataka uchumi, na uchumi nao ulikuwa umejaa mpaka wanafunzi wanasikilizia madirishani. Karani wa udahili, ambaye njaa ilikuwa inamuuma na hakutaka maneno mengi, alimwambia bila kuinua macho, "Kiitaliano kina nafasi."

"Ziko ngapi?"

"Zote."

Akaingia kwa shingo upande. Lakini dunia ina vituko vyake, na alichopewa kwa kukosa kingine kikamnasa kwelikweli. Katika mwaka wake wa pili alikutana na mashairi ya mtu mmoja wa kale, asiyejulikana hata jina, wa mji fulani mdogo wa kilimani, aliyetumia ujana na uzee wake wote kumwandikia mwanamke wa nyumba ya pili. Mwanamke huyo hakumjibu. Hakumjibu katika shairi la kwanza, hakumjibu katika shairi la mwisho, na katikati yao yako mengi. Mwitaliano aliyasoma machozi yakimlengalenga, akaamua kwamba maisha yake yameshapata kazi. Tasnifu yake ikawa juu ya ukimya wa mwanamke anayependwa. Hoja yake ilikuwa kwamba ukimya ule si utupu, ni kauli kamili, ila mshairi hakuwa na masikio ya kuisikia. Juu ya jambo hilo aliweza kuongea saa mbili bila kuomba maji.

Nyumbani kwake palikuwa na mwanamke aliyependwa, naye hakuwa mwongeaji. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mhudumu katika wodi ya wazazi. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka, kusukuma vitanda, kubeba ndoo, na kuwashika mikono kina mama wanapolia. Mkunga akiingia, yeye alipaswa kusogea kando. Kusogea huko ndiko kulikokuwa kunamchoma. Tangu msichana alitaka kuwa yule anayeingia, si yule anayesogea.

Walipooana walipatana kwa kauli moja. Walikuwa wamekaa kwenye godoro, kitanda kikiwa bado hakijanunuliwa, na ni yeye Mama Pacha aliyelisema.

"Tusome mmoja mmoja. Mmoja akiwa shule, mwingine anashika nyumba. Wewe umeshaanza, malizia. Ukitoka wewe, naingia mimi."

"Hakuna neno," alisema Mwitaliano, akamkumbatia. Aliona amepata mke mwenye akili, na alikuwa amempata kweli. Mapatano yenyewe yalikuwa mazuri, hayana ila, isipokuwa hakuna aliyesema huyo wa kwanza atatoka lini.

Sehemu ya Kiitaliano pale chuoni ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, ghorofa ya tatu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti. Kulikuwa na kabati la vitabu, meza mbili, birika la umeme, na dirisha lililofunguka kwa kuchokonolewa na rula. Mwenye chumba alikuwa Profesa, mama mtu mzima mwenye mvi fupi na koti la sufi lisilojali joto. Wanafunzi walimwita Bibi Nukta, kwa siri, ingawa siri yenyewe aliijua. Bibi Nukta hakuwahi kuandika neno pembeni mwa kazi ya mwanafunzi. Aliweka nukta, kwa penseli iliyochongwa ikachongoka. Nukta moja maana yake fikiri tena. Mbili, kasome kitabu kingine kwanza. Tatu, njoo tuonane. Palipo safi pasipo nukta ndipo alipopakubali, na watu wazima wenye familia zao walikuwa wanaukodolea macho ukurasa mweupe kama waumini.

Wanafunzi wa uzamivu walikuwa watatu. Mmoja akaolewa mbali, mwingine akaona simu zinauzika kuliko mashairi, akabaki Mwitaliano peke yake. Siku moja, alipokwenda ofisi ya mkuu wa kitivo kuchukua kitambulisho kipya, karani wa pale akamvuta pembeni.

"Wewe unajua kwamba ukimaliza, Kiitaliano kinafungwa?"

"Kinafungwa vipi?"

"Kinafungwa kama duka. Sehemu isiyo na mwanafunzi wa uzamivu haina kazi. Na yule mama alishapita umri wa kustaafu, anashikiliwa na wewe tu. Siku unavaa joho, yeye anarudisha funguo." Karani akamtazama kwa huruma, kisha akaongeza, "Ila mimi sijakwambia kitu."

Mwitaliano alipanda zile ngazi taratibu. Alimkuta Bibi Nukta ameegemea dirisha, chai mkononi, anatazama nje. Mwanamke asiye na mume, asiye na mtoto, na maisha yake yote yamo katika chumba kimoja. Je, yeye ndiye awe wa kumtoa humo? Pale pale mlangoni akaamua kwamba hatakuwa na haraka.

Ukimuuliza angekuambia ni huruma. Na ilikuwa huruma, sitamnyima haki yake. Lakini ilikuwa huruma yenye kiti cha mto, dirisha la upepo, chai ya bure, na mtu wa kumsikiliza akichambua ukimya alasiri nzima. Huruma ya namna hiyo mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kuchoka.

Shida ni kwamba tasnifu ilikuwa imekwisha. Sura ya mwisho ilikuwa imekaa sawa, hata yeye mwenyewe aliisoma akaipenda. Ikabidi aiharibu. Alimhamisha mshairi karne nzima mbele. Shairi la mji huu akalipeleka mji ule. Akavuruga tanbihi mpaka zikawa zinaelekezana zenyewe kwa zenyewe. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, maana kuharibu kitu kizuri kunataka ustadi, kisha akaipeleka kwa Bibi Nukta na kumwomba radhi kwa kumchosha.

Sura ilirudi na nukta tele. Ajabu ni kwamba hazikuwa penye makosa. Ile karne iliyohama iliachwa ikapita, na nukta tatu zikawekwa pembeni mwa aya ambayo Mwitaliano alikuwa tayari kuapa kwamba haina doa. Akahitimisha kwamba macho ya yule mama yamekwisha. Huruma ikamzidi maradufu. Akarekebisha alichoambiwa, akaharibu pengine, akapeleka tena.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Mama Pacha aliamka kabla ya wote, akapika uji, akaenda wodini, akarudi na miguu imevimba, akakagua madaftari ya watoto, na mshahara wake ndio uliolipa kodi na ada ya mumewe. Mwitaliano alifundisha vipindi vichache vya historia katika shule ya sekondari ya mtu binafsi, kwa malipo ya kibarua, na mkuu wa shule alikuwa ameshamwambia wazi kwamba ajira kamili ipo, inamngoja, siku atakayoacha kukimbilia chuo kikuu kila kengele ikilia.

Jumamosi moja Mama Pacha alikuwa anakunja nguo zilizoanuliwa. Mwitaliano alikuwa mezani.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Hospitali wametangaza. Wanaotaka kusomea ukunga wajiandikishe. Ruhusa wanatoa, mshahara wanasimamisha mpaka mtu arudi."

"Jambo zuri sana hilo," alisema Mwitaliano, jicho moja kitabuni.

"Wanachukua wasiozidi umri fulani. Mimi mwakani nitakuwa nimeupita."

Hapo akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo ni mwaka huu."

"Ni mwaka huu au basi."

Walitazamana. Pacha walikuwa wanagombana uani, na hakuna aliyeinuka kwenda kuamua.

"Utamaliza lini?" aliuliza Mama Pacha.

"Imebaki sura moja."

Sura moja ilikuwa imebaki tangu pacha wanatambaa. Mama Pacha hakusema hivyo. Hakusema kitu. Alichukua shati la mumewe, akalinyoosha kwa kiganja, akalikunja, akaliweka juu ya mengine. Na mtaalamu wetu wa ukimya wa wanawake, mtu aliyeandika kurasa na kurasa kuthibitisha kwamba anayenyamaza anasema, aliuona ukimya huo umbali wa hatua mbili akadhani ni ndiyo.

"Nakuahidi," alisema kwa moyo mweupe. "Kabla chuo chenu hakijafunguliwa nitakuwa nimeshamaliza. Naapa."

Alikuwa anamaanisha. Jumatatu yake alipiga moyo konde, akapanda ngazi za ghorofa ya tatu na sura ya mwisho kwapani, safari hii safi, haina kosa hata la kupandikiza. Maneno aliyapanga njiani. Alimkuta Bibi Nukta amekaa, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda.

"Profesa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Chai?"

"Asante. Profesa, nilikuwa nafikiri..." Akaitua sura mezani. "Nilikuwa nafikiri labda sasa sura hii imetosha."

Bibi Nukta akamtazama juu ya miwani. "Wewe unaona imetosha?"

Aliuliza kwa sauti ya upole mno, na uso ukamkunjamana kidogo kama mtu aliyeshikwa na maumivu. Mwitaliano akauona ule uso. Maneno yote aliyoyapanga yakayeyuka.

"Labda bado kidogo," alisema.

"Bado kidogo," aliafiki Bibi Nukta, akashusha pumzi. Wakanywa chai. Wiki iliyofuata ile sura safi ilirudi imejaa nukta kila ukurasa, na Mwitaliano akasikitika kwamba sasa yule mama haoni kabisa.

Nyumbani alisema, "Profesa hajaridhika." Ulikuwa ukweli wa aina fulani, ule unaosemwa mtu akiwa anavua viatu. Mama Pacha aliitikia "haya," akaendelea kumenya viazi. Baada ya hapo hakuuliza tena. Mwitaliano alishukuru sana kwa uelewa wake.

Ndipo Ijumaa moja jioni, watoto wakiwa wameshakula, Mama Pacha akafuta mikono, akavuta kiti, akakaa mbele ya mumewe. Jambo hilo la kuvuta kiti si kawaida yake.

"Jumatatu naondoka."

"Unaenda wapi?"

"Chuoni. Nimeshajiandikisha, nimeshapata nafasi ya bweni. Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi."

Mwitaliano akashikwa na bumbuwazi. "Lakini mimi sijamaliza."

"Najua."

"Tulipatana mmoja mmoja, Mama Pacha."

"Tulipatana. Mimi ndiye niliyesema, nakumbuka mpaka godoro tulilokuwa tumekalia." Hakupandisha sauti. "Sasa umri wangu haukuwepo siku ile tunapatana. Umalize, usimalize, mimi Jumatatu naenda. Nisikilize vizuri. Wa kike anatoka damu ya pua akikimbia juani, mwinamishe mbele, usimlaze. Wa kiume hali maharage. Atakwambia amekula. Mpekue mifukoni."

"Na sura yangu?"

Mama Pacha akacheka, na hakuwa amecheka siku nyingi. "Sura yako utaitazama kwenye kioo," alisema, akainuka kwenda kupanga sanduku.

Jumatatu akaondoka kweli. Wiki zilizofuata sitazisimulia zote, kwa kumsitiri mtu. Uji uliungua mpaka sufuria ikatupwa. Sare za shule zilifuliwa pamoja na taulo jekundu. Maharage yalipatikana mifukoni, kwenye viatu, na siku moja ndani ya kamusi ya Kiitaliano. Mwitaliano aligundua kwamba nyumba ina kazi zisizo na mwanzo wala mwisho, na kwamba zote zilikuwa zinafanyika miaka yote hiyo, umbali wa hatua mbili kutoka mezani kwake. Alijiona mjinga. Alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Siku moja walimu wa shule ya watoto walikuwa na mkutano, watoto hawana pa kukaa, akawabeba kwenda nao chuo kikuu. Walipanda ngazi wakizihesabu kwa kelele. Bibi Nukta aliwapa biskuti na karatasi za kuchorea, wakajilaza sakafuni. Mwitaliano alibaki amesimama. Shati lake lilikuwa la waridi, kwa sababu ya lile taulo.

"Profesa, siwezi tena," alisema. "Mke wangu ameondoka."

Bibi Nukta akaweka kikombe chini. "Amekukimbia?"

"Ameenda shule."

Basi akamwambia yote, mfululizo, kama anayeogopa kwamba akipumua ataacha. Mapatano yao ya godoroni, umri wa mwisho wa kusomea ukunga, ajira iliyokuwa inamngoja. Alipofika kwenye maneno ya yule karani akasita, akatazama vidole vyake.

"Niliambiwa nikimaliza wanafunga Kiitaliano. Nikaona nitakuwa nimekutupa nje. Kwa hiyo nimekuwa naharibu ile sura. Kwa makusudi, Profesa. Nisamehe."

"Wewe ndiye uliyemhamisha mshairi karne nzima?"

"Mimi."

"Mimi nilidhani umechoka akili!" Akashika shavu. "Makosa ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Nilisema maskini, kitabu kimemshinda, nisimwaibishe. Nikawa nayaruka yale makosa, naweka nukta mahali pengine popote."

"Mimi nikadhani macho yako yamekufa."

"Macho yangu ni mazima. Kilichokufa ni goti. Ngazi hizi zimenimaliza. Dada yangu ana chumba cha chini kwake, ananisubiri, kila siku ananiuliza nahamia lini. Namwambia ngoja kwanza, nina mtoto wa watu huku. Akitoka hapa na Kiitaliano chake ataenda wapi? Nani atampa kazi? Afadhali awe na mahali pa kuja."

"Kwa hiyo hata ile niliyoileta safi..."

"Ilikuwa nzuri. Iliniuma kuichafua. Nilifumba macho nikaweka nukta."

Wakaangua kicheko. Walicheka mpaka pacha wakaacha kuchora na kuwatazama, mpaka Bibi Nukta akavua miwani kufuta machozi. Kisha, taratibu, kicheko kikawaishia, kwa sababu wote wawili walikuwa watu wenye akili, na walifika kwenye wazo lile lile wakati mmoja.

"Mimi na wewe tumeheshimiana sana," alisema Bibi Nukta. "Na aliyelipa ni mama wa watoto hawa."

Bibi Nukta akavuta ile sura, akachukua kifutio, akaanza kufuta nukta zake moja baada ya nyingine. Pacha wakaomba na wao wafute. Akawagawia kurasa.

Utetezi wa tasnifu ulifanyika katika ukumbi mdogo wenye feni mbovu. Mtahini wa nje, bwana mnene mwenye tai fupi aliyetoka chuo kingine, alikuwa ameisoma kazi yote na kuipenda, na watahini wanaopenda kazi ndio wabaya zaidi kwa maswali.

"Bwana, unatuambia kwamba ukimya wa mwanamke huyu ni kauli. Sawa. Kauli gani? Alikuwa anasema nini hasa?"

Mwitaliano alikuwa ameandaa jibu la kurasa nane, lenye wanafalsafa. Akafungua mdomo, likamtoka jingine.

"Nadhani alikuwa na kazi," alisema.

"Samahani?"

"Alikuwa na kazi za kufanya. Mashairi haya yanamwonyesha dirishani, kisimani, mlangoni, na hakuna hata moja linalouliza alikuwa anafanya nini pale. Mshairi alingoja ajibiwe. Hakuwahi kumuuliza swali."

Bibi Nukta, aliyekaa nyuma na mguu wake juu ya kiti cha jirani, alitabasamu peke yake. Mtahini akaandika maneno mawili matatu, akapigia mstari, akasema hana swali jingine.

Kwa hiyo Mwitaliano akawa daktari, na Kiitaliano kikafungwa. Bibi Nukta alirudisha funguo huku anaimba, jambo lililomshangaza karani, akahamia kwa dada yake kusikokuwa na ngazi. Chumba kikarudishiwa viti vyake. Mkuu wa shule ya sekondari naye akatimiza ahadi: akampa Daktari ajira kamili, historia vidato vyote, na usimamizi wa usafi wa vyoo vya wavulana. Mtaani waliposikia udaktari wake wakaanza kumletea watoto wenye homa.

Siku ya wazazi na jamaa kutembelea chuo cha ukunga, aliwavisha pacha nguo zilizopigwa pasi na yeye mwenyewe, akafungasha chakula alichokipika mwenyewe, wakaenda. Mama Pacha aliwapokea getini. Sare nyeupe ilimkaa vizuri. Alikuwa amekonda kidogo, na alitembea haraka, kama mtu anayejua mlango anaokwenda kuingia. Wanafunzi wenzake, wasichana ambao angeweza kuwazaa, walimwita Mama, wakamzunguka kupokea kapu na kuwashika watoto mashavu.

"Mama, na huyu ni nani?" aliuliza mmoja.

"Mume wangu," alisema Mama Pacha. "Yeye ndiye anayenisomesha."

Alilisema hivi hivi tu, kama unavyomwambia mgeni choo kiko wapi. Wasichana wakamgeukia Mwitaliano, wakamsalimu kwa heshima, mmoja akapiga goti. Mwingine akasema, "Mungu akubariki, baba, wanaume kama wewe ni wachache."

Mwitaliano alisimama pale, mikono haina kazi. Juu ya jambo hilo hilo yeye alikuwa ameulizwa mara nyingi, mwaka baada ya mwaka. Aliulizwa na wageni wa idara, aliulizwa na wahadhiri kwenye semina, aliulizwa na mtahini yule mwenye tai fupi walipokuwa wanasubiri feni itengenezwe: nani anakusomesha, bwana? Na kila mara alijibu bila kusita, kifua mbele, tena kwa unyenyekevu ulioandaliwa: najisomesha mwenyewe.

Wasichana wakaenda na kapu, watoto wakawafuata. Wakabaki wawili.

"Mama Pacha."

"Abee."

"Mimi sikuwahi kusema hivyo juu yako. Hata siku moja. Kwa mtu yeyote."

Mama Pacha alimtengeneza kola, iliyokuwa imekunjika upande.

"Najua," alisema.